Ngoma Isiyosikia Hodi

"Ngoma isiyosikia hodi si ya nyumbani." Leo mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo kijana aliyekaa kwenye chakula huku masikio kayaziba kwa nyaya za simu. Mmecheka, kisha mmekuja kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Haya, sogeeni. Chimbuko lake ni hili.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Mwanahawa, fundi wa kushona nguo, mwenye duka lake Morogoro. Wazazi wake walikuwa Korogwe, wawili peke yao, katika nyumba ileile aliyozaliwa. Baba yake, Mzee Shekimweri, alikuwa amestaafu kazi ya reli na sikio lake moja lilikuwa limeanza kuwa zito. Mama yake, Bi Zaituni, alisikia vizuri, ila magoti yalimsumbua. Redio yao ilikaa dirishani miaka mingi, mgongo wake umeelekea barabarani, hata wapita njia waliijua. Siku moja ikanyamaza. Mzee aliipiga kofi la ubavuni kama alivyozoea kuizindua, lakini safari hii haikuzinduka.

Mwanahawa akapiga simu. "Mama, niwanunulie nini?"

"Chochote, mwanangu, ila kisiwe na makuu. Usituletee makabati yenye taa za kuwakawaka kama ukumbi wa harusi. Na vitufe viwe vichache. Baba yako hana subira na vitufe."

Mwanahawa alikuwa mtoto wa kusikiliza anachoambiwa, lakini alipoingia madukani kichwa kilimzunguka. Kila muuzaji alimwonyesha kabati kubwa kuliko la mwenzake.

"Dada, huu muziki ukiufungulia, mtaa wa pili wanacheza."

"Wazazi wangu hawataki mtaa wa pili ucheze."

"Basi punguza sauti, wacheze wa mtaa wa kwanza."

Mwishowe, alipokwenda Korogwe kwa wazazi wake, akampata huko muuzaji mmoja mpole aliyeonekana kumwelewa. Huyu alimtolea spika ndogo nyeupe, za kupachikwa juu ukutani, moja kila chumba. Zikishapachikwa, weupe wake unapotelea kwenye weupe wa ukuta. Nyaya hupita darini, na chombo chenyewe hufichwa kabatini. Mzee anabaki na kitufe kimoja tu, cha kuwasha na kuzima. Kiasi cha sauti fundi hukipima siku ya kufunga, kisha hakuna wa kuhangaika nacho tena. Mwanahawa aliona amepata hasa alichoagizwa. Kidogo, rahisi, na hakionekani.

Siku ya kufunga, fundi alimkalisha Mzee kwenye kiti chake, akapandisha sauti mpaka Mzee akatikisa kichwa kwamba inatosha. Kisha akafunga kabati. Bi Zaituni alitazama kuta zake, asione kitu, akafurahi. Mwanahawa akarudi Morogoro na moyo mweupe.

Baada ya wiki chache simu za mama yake zikaanza kubadilika. Zamani alisimulia mambo ya mtaa mpaka salio linakwisha. Sasa alijibu kifupi kifupi. Siku moja akauliza, "Hawa, ulipokuja kufunga ile redio, ulimkosea neno Bi Mwantumu?"

Bi Mwantumu alikuwa jirani wa ng'ambo ya njia, mjane, rafiki wa mama yake tangu wote wawili wakiwa maharusi. Kila alasiri alikuja na ungo wake wakachagua mchele au kunde pamoja, mmoja akisema na mwingine akiitikia.

"Sijamkosea, mama. Tulisalimiana tu. Kwani amesema nini?"

"Hajasema. Ndilo linalonishangaza. Haji."

Simu iliyofuata ilikuwa nzito zaidi. Bi Zaituni alikuwa amempelekea mwenzake bakuli la ndizi za nazi kupitia kwa mtoto wa jirani. Bakuli likarudi. Alilikuta kizingitini, na kawa la kulifunikia limeanguka pembeni. Ndani hamna kitu. Ninyi mmekua mkijua kwamba bakuli la jirani halirudishwi tupu, hata kama ni chumvi utatia. Kulirudisha tupu ni kusema, tumemalizana.

"Labda alisahau," Mwanahawa alisema.

"Mwantumu asahau? Huyo anakumbuka kanga niliyomwazima kabla hujazaliwa. Ijumaa ni hitima ya mumewe. Tangu alipokufa, sufuria za pilau nasimamia mimi. Mwaka huu hajaniita. Siwezi kwenda nisikoitwa, Hawa. Na nisipokwenda Ijumaa, sitakwenda tena."

Mwanahawa alikaa na simu mkononi, asielewe. Je, ni wivu kwa sababu ya redio mpya? Lakini Bi Mwantumu hakuwa mtu wa wivu, naye ndiye aliyemtunza Mwanahawa mama yake alipolazwa. Akatafuta kosa lake mwenyewe, hakuliona. Alhamisi akafunga duka, akapanda basi la asubuhi.

Alifika nyumbani alasiri. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukukomewa. Akatua mkoba, akaita, "Hodi."

Kimya hakikuwapo, lakini jibu pia halikuwapo. Ndani mwanamume alikuwa akizungumza kwa utaratibu, na mwanamke akacheka.

"Hodi humu ndani."

Yule mwanamume akaendelea. Mwingine akamkatiza, kama wanaobishana. Mwanahawa akarudi nyuma hatua moja. Wageni gani hawa, na mama hakumwambia? Akapita ubavuni mwa nyumba ili amwite mama yake dirishani mwa jikoni, na jikoni nako akasikia wanaume. Sasa alichanganyikiwa kabisa. Mama yake hakuwa mtu wa kukalisha wanaume jikoni. Akarudi mlangoni, akaita hodi ya tatu kwa sauti ndogo, kwa maana haya ilishamshika. Mtu hasukumi mlango wenye wageni kabla hajakaribishwa, hata kama ni kwao. Hodi ya tatu isipojibiwa, muungwana huondoka. Lakini yeye aondoke aende wapi? Akakaa kizingitini kama mdai.

Ng'ambo ya njia Bi Mwantumu alikuwa kwenye baraza yake, amemtazama muda wote.

"Hata wewe?" akasema.

"Shikamoo, Bi Mwantumu."

"Marahaba. Nilidhani ni mimi tu nisiyefunguliwa. Kumbe hata aliyezaliwa humo."

"Wana wageni gani?"

"Unaniuliza mimi? Nyumba ya wazazi wako siku hizi ina watu wa maana. Wanazungumza tangu asubuhi, sebuleni wamo, chumbani wamo, jikoni wamo. Hawaondoki. Na wana bahati, maana sijaona sahani hata moja ikioshwa."

"Na wewe hujaingia?"

"Niingie vipi? Nimepiga hodi zangu tatu, kesho yake tatu, kesho kutwa tatu. Mtu asipotaka kukuitikia utamlazimisha?" Alitazama chini, akakunja ncha ya kanga yake. "Jumatatu nilikuja kumwita mama yako kwa ajili ya hitima. Nikasikia wanacheka. Nikasema basi, Zaituni amepata wenzake. Wa pilau nitamtafuta mwingine."

Wakati huo huo ndani ya nyumba wale wanaume wakanyamaza ghafla, wote kwa pamoja, sebuleni, chumbani na jikoni. Ukapigwa muziki mfupi. Kisha sauti ya mwanamke ikasema, tena kutoka kila chumba mara moja, kwamba hiyo ni taarifa ya habari.

Ajabu ni kwamba spika zile alizinunua mwenyewe, na bado zilimdanganya. Akainuka, akavuka njia, akamshika Bi Mwantumu mkono.

"Twende."

"Niende wapi? Sijakaribishwa."

"Nakukaribisha mimi. Twende ukawaone wageni."

Waliingia. Mzee Shekimweri alikuwa kitini, amesinzia, na sauti ya habari inamwangukia utosini. Mgeni hakuwapo hata mmoja. Bi Zaituni alikuwa jikoni peke yake, amewapa mgongo, anachagua mchele. Mwanahawa alibonyeza kitufe. Nyumba ikanyamaza, na katika ukimya ule Bi Zaituni akageuka kama aliyeguswa bega.

Akamwona bintiye. Kisha akamwona mwenzake mlangoni, akakaza uso.

"Karibu," alisema, kwa kuwa hakuna namna nyingine.

"Leo unajua kukaribisha," alisema Bi Mwantumu.

"Na wewe leo unajua njia. Nilidhani umeisahau, kama ulivyosahau kutia kitu kwenye bakuli langu."

"Bakuli gani?"

"Lililorudi tupu."

"Tupu? Zaituni, nilitia vitumbua vya moto, nikafunika kawa. Nimepiga hodi mpaka koo limekauka, nikaweka kizingitini."

Bi Zaituni alitua ungo. Alitazama mlangoni. Kuku wa jirani walikuwa pale pale, wanaparuaparua bila wasiwasi.

"Basi wewe umewakirimu hawa," akasema taratibu. "Ndiyo maana siku ile hawakuondoka mlangoni mpaka magharibi."

Bi Mwantumu alijaribu kukaza uso, akashindwa. Kicheko kilipomtoka, Mzee akazinduka.

"Nani kazima?"

"Mimi, baba. Kwa nini mliiacha juu hivyo?"

Mzee alijipangusa macho. "Hata fundi alipoipima, kwangu ilikuwa juu mno. Lakini nilisema mama yako yuko mbali jikoni, asikie na yeye."

"Mimi?" alisema Bi Zaituni. "Mimi kichwa kilikuwa kinaniuma. Nilivumilia kwa ajili ya sikio lako. Na nilisema, tukiizima, mtoto atajua hatukuipenda."

Nataka mlione hilo, wajukuu wangu. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na mbaya hata mmoja. Mmoja alimvumilia mwenzake, mwenzake naye akamvumilia yeye, wote wawili wakamvumilia mtoto, na mtoto alikuwa amenunua kwa mapenzi. Wema ulijaa tele. Kilichokosekana ni upenyo wa mtu kuita akasikika. Tena zamani jirani angeiona redio dirishani akajua ni redio. Hii ilifichwa vizuri mno, basi aliyekuwa nje alibaki na sauti tu, akazipa sura mwenyewe.

Kesho yake Bi Zaituni alisimamia sufuria zake. Wanawake waliokuja kupika walisimuliwa kisa kizima, cha wageni wasioonekana na cha kuku waliokula vitumbua, wakacheka mpaka moshi ukawapalia. Bi Mwantumu, aliyekuwa akikoroga, akasema kama anayejisemea, "Dunia hii itupe kila kitu, lakini ngoma isiyosikia hodi si ya nyumbani." Wakaitikia kama wimbo.

Jumamosi Mwanahawa alirudi kwa yule muuzaji wa Korogwe na mzigo wa zile spika. Alimwomba muuzaji amtolee redio ndogo, za kuwekwa mezani karibu na kiti cha mzee, zenye kirungu kimoja cha sauti ambacho mkono wowote unaweza kukizungusha. Muuzaji akawasha ya kwanza. Mwanahawa akatoka nje, akasimama ukingoni mwa mtaro.

"Hodi."

Muuzaji hakugeuka. Mwanahawa akaingia, akasema si hii. Ya pili vilevile. Ya tatu muuzaji alianza kumtazama kwa wasiwasi, na mteja mmoja akasogea mbali naye. Ya nne ilikuwa ya kijivu, haina uzuri wowote, na iliwashwa kwa sauti ileile aipendayo baba yake akiwa karibu nayo. Mwanahawa akatoka nje tena.

"Hodi."

"Karibu," alijibu muuzaji bila kufikiri, mkono wake tayari uko kwenye kirungu anapunguza sauti.

"Nifungie hiyo," alisema Mwanahawa.

Muuzaji aliifunga, kisha akazitazama zile spika nyeupe zilizorudishwa, akazigeuza huku na huku. "Lakini hizi, dada, nimezijaribu. Zinalia safi. Niambie zina kosa gani, ili na mimi nijue."

"Hazina kosa," alisema Mwanahawa, akipokea mzigo wake. "Ila ngoma isiyosikia hodi si ya nyumbani."