Fisi Alipolitaka Shimo la Chipu

Nabisha, nina hadithi!
Ingia nayo!
Ni ya wivu!
Si wetu, wa jirani!

Hapo kale, Fisi alikuwa akiunda kompyuta. Karakana yake ilikuwa ya mawe, kubwa na kavu, na ndimo alimolala na mkewe. Lakini kompyuta zake, taabu tupu. Ukiwasha, vuuuu, inapata moto. Ukiandika jina lako, pu, imezima. Wateja wakazirudisha, wakahamia kwa jirani yake, Swala.

Fisi akachungulia, akaona foleni. Moyo ukamchoma.

Wote wawili walinunua chipu, vile vidude vinavyoipa kompyuta akili, kwa Nguchiro, aliyezitengeneza shimoni mwake. Fisi akamwambia mkewe kwamba atalinunua shimo lile ili Swala akose chipu, afunge duka. Mkewe akamjibu kuwa chipu ni zile zile. Kompyuta zao zinaungua kwa sababu yeye ni mvivu wa kuzitilia feni. Fisi hakusikia. Macho yalikuwa kwenye foleni.

Nguchiro naye alikuwa na shida yake. Mvua ikinyesha, maji yaliingia shimoni, chubwi, chubwi, na chipu hazipatani na maji. Alipopata habari kwamba Fisi analitaka shimo, akamwalika Swala chai, nje kabisa, mahali pa kuonekana. Wakanywa, wakacheka. Fisi akachungulia, akaona vicheko. Moyo ukamchoma. Kesho yake Nguchiro akampelekea Swala maua. Fisi akachungulia, akaona maua. Moyo ukamchoma zaidi, maana yeye hakuwahi kupewa hata jani.

Akaenda mbio kwa Nguchiro.

"Niuzie shimo na mashine zake zote."

"Hata Swala analitaka," Nguchiro akajibu kwa upole.

"Swala asilipate. Sema unachotaka."

"Karakana yako tu, bwana mkubwa."

"Chukua."

Nguchiro akahama siku hiyo hiyo. Fisi akaingiza kichwa shimoni, akasukuma, kru, kru, akanasa kiunoni. Mashine anaziona, kuzifikia hawezi. Na hata angezifikia, chipu hajui inaanzia wapi. Mkewe akamvuta mkia mpaka akachomoka, puu. Akamwuliza sasa watalala wapi.

Ng'ambo, Nguchiro na Swala walikuwa wakiingiza mashine mpya kwenye karakana ya mawe, wateja wamejaa mlangoni. Fisi akasimama matopeni, akatazama. Moyo ukamchoma, na safari hii alikuwa akiionea wivu karakana yake mwenyewe.

Hadithi naikunja hapa. Atakaye kuitandika tena, aitandike. Na funzo lake, wanangu, ni hili: mwenye wivu asikate tamaa. Atafute shimo pana zaidi.