Kaunta Buku la Kiangi na Njia Tatu za Nakunda

Sogeeni, na kwanza mniapie. Mkono kifuani, kila mmoja: halitoki humu. Wewe wa mlangoni nakuona, apa nawe. Haya. Mimi pia niliapa, kwa jina la marehemu mume wangu, kwamba sitalisema. Lakini yeye alishanizoea.

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kulikuwa na binti hapa Usangi aitwaye Nakunda, aliyependa hesabu kuliko makande. Akaenda chuo kikuu kusoma hisabati. Mwaka wa kwanza wote husoma pamoja. Ukiisha, njia zinakuwa tatu, unachagua moja, na ukishaingia huwezi kurudi nyuma. Kuna takwimu, ya kukupeleka kwenye makampuni ya bima. Kuna ualimu. Na kuna hisabati tupu, ile ya kufikiri mpaka uzeeni bila kumuuzia mtu kitu. Mwisho wa kuchagua ni Ijumaa, saa kumi kamili alasiri.

Nakunda hakutulia. Asubuhi anataka hii, mchana ile, jioni ya tatu.

Mjomba wake Senkoro akapiga simu: "Takwimu, eh?"

"Ndiyo, mjomba."

Mama yake akapiga: "Ualimu, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

Mwalimu Eligiva, aliyemfundisha sekondari, akapiga: "Hisabati tupu?"

"Ndiyo, mwalimu."

Ndiyo, ndiyo, ndiyo, na fomu haina hata alama.

Sasa, fomu yenyewe inajazwa kwenye kompyuta. Na huku kwetu kompyuta iko kwa nani? Kwa Kiangi wa steshenari. Ndiye aliyemwombea Nakunda nafasi ya chuo, na neno lake la siri akaliandika kwenye kaunta buku, kama anavyoandika ya kila mtu. Binti mwenyewe hakuwahi kulishika kichwani. Na kaunta buku liko mezani, atakaye afunue.

Jumatatu mjomba akaenda, akajaza takwimu. Jumatano mama akaenda, akafuta, akajaza ualimu. Alhamisi Mwalimu Eligiva akaenda, akafuta, akajaza hisabati tupu. Walijuaje? Msiniangalie hivyo! Nilikuwa nimepita kutoa fotokopi ya cheti cha ubatizo, nikamwona mjomba akijaza. Nikamwambia mama. Nikamwambia mwalimu. Mjomba nikamrudia, ajue yake imefutwa. Na Nakunda nikampigia simu, maana ni haki yake kujua.

Ijumaa wote watatu wakakutana barazani kwa Kiangi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Saa nane. Saa tisa. Hakuna aliyekaa.

"Nimemlea kwangu miaka saba," mjomba akasema. "Wanangu walilala wanne kitanda kimoja ili yeye apate meza ya kusomea. Nami nasema aingie kazini, awashike mkono wadogo zake. Nimekosea wapi?"

"Kulea umelea, kaka," mama akasema. "Lakini mimi ndiye niliyemzaa, nikamtoa nyumbani ili arudi, si ili apotee. Shule yetu mwaka wa tatu huu haina mwalimu wa hesabu. Watoto wanaandika majina kwenye karatasi ya mtihani, wanairudisha. Mdogo wake yumo humo humo."

"Na nani aliona kwamba anaweza?" akasema Mwalimu Eligiva. "Darasa la watu sitini, ni mimi niliyemwona akitatua swali kwa njia nisiyoijua. Huko nilitaka kwenda mimi, baba akakataa. Na yeye azuiwe?"

"Basi wewe unataka kwenda kwa miguu yake," mama akamwambia.

"Na wewe unataka kumfunga miguu, mama Nakunda."

Umeme ukarudi. Mashine ya fotokopi ikanguruma. Saa kumi kasoro dakika nne! Wakasukumana mlangoni, mjomba mbele, mwalimu kiatu kimemvuka, nami nyuma yao, kuhakikisha hakuna anayeumia.

Walipokuja kupenya, kompyuta imeshawaka, na nani yuko kwenye kiti chake? Nakunda. Alikuja na basi la alfajiri, akapitia mlango wa nyuma, akajibanza nyuma ya mashine tangu saa saba. Kaunta buku wazi mapajani. Fomu ameshaifuta. Mkono uko kwenye kipanya, na kile kimshale kinatoka njia ya kwanza, kinakwenda ya tatu, kinarudi ya pili.

"Usibonyeze!"

"Uliniambia ndiyo!"

"Na mimi!"

"Na mimi, Nakunda!"

Binti akageuka, uso wa mtu aliyekutwa bandani na kuku mkononi. Na kuku mwenyewe ni wake.

"Nilisema ndiyo," akajibu, "kwa sababu kila mliponiuliza, ilikuwa kweli. Kila mmoja wenu anajua anachokitaka. Mimi niachieni hizi dakika nne."

"Zimebaki mbili," akasema Kiangi.

Haya, nyie mlioapa. Mjomba aliyemlea, mama aliyemzaa, mwalimu aliyemwona, na binti aliyewaahidi wote watatu, mkono wake ungali kwenye kipanya. Semeni upesi, saa inakwenda: je, nani alistahili kubonyeza?