Fisi Aliyeomba Kazi ya Mbwa

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi hizo ng'ombe alikuwa na jiko lake na kondoo alijifunga khanga mwenyewe bila kusaidiwa, palikuwa na shamba dogo kule mlimani. Mwenye shamba alikuwa Bi Nundu, ng'ombe mweupe mwenye sauti nene. Aliishi na mbuzi wanane na kondoo watano, na mbwa wawili wa kuwachunga.

Mbwa mmoja aliitwa Ngurumo. Alikuwa mkubwa kama ndama. Ngurumo akibweka, fisi wa vilima vitatu walijificha. Mwingine aliitwa Chapuo, kijibwa jike, kimo chake hakizidi kinu. Chapuo akibweka, vifaranga waliulizana, "Nani huyo kapiga chafya?"

Asubuhi moja Ngurumo alichomwa na mwiba. Mguu ukavimba, ukawa kama papai. Akalala nyuma ya jiko, amefungwa majani, analia, "Yalaa! Yalaa mguu wangu!"

Bi Nundu alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Chapuo mwanangu, watoto wana njaa. Nani atawapeleka malishoni leo?"

"Mimi, mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu." Chapuo alijitutumua akasimama kwa ncha za vidole. Alikuwa na woga, lakini hilo hakulisema.

Mara wakasikia sauti langoni. "Hodi! Hodi hapa!"

Kwenye lango palisimama mnyama mkubwa, amejipaka majivu mwili mzima, masikio ameyakunja kwa kamba, na mkia ameupinda juu akaufunga kwa ukambaa.

"Karibu," alisema Bi Nundu. "Wewe ni nani?"

"Mimi mbwa," alijibu mgeni. "Naitwa Mbwa. Mbwa bin Mbwa. Nimesikia mwenzenu anaumwa, nikasema, ah, acha nikawasaidie kuchunga."

Chapuo alimtazama kutoka juu hadi chini. Mabega juu, makalio chini, kama mlima wa kuteleza. Na harufu yake? Loo! Harufu ya mzoga wa juzi.

"Hebu bweka kidogo, kaka," alisema Chapuo.

"Kubweka?" Mgeni alikohoa. "Hau... ha... hu... uuuu-hi-hi-hi-hiii!"

"Huko ni kubweka gani?"

"Ni lafudhi ya kwetu, dada."

Bi Nundu aliinama akamnong'oneza Chapuo sikioni, "Mwanangu! Huyu ni fisi!"

"Najua, mama. Ila yeye hajui kwamba tunajua."

Chapuo alifikiri haraka haraka. Ua lilikuwa la matawi ya miiba, tena limechoka. Fisi akikataliwa ataruka, na Ngurumo hawezi hata kusimama. Basi akatabasamu meno yote nje.

"Karibu kazini, kaka Mbwa! Lakini hapa kazi ina masharti. Na ukiharibu, namwita Ngurumo."

"Si anaumwa?" aliuliza Fisi.

"Anaumwa mguu mmoja. Anayo mingine mitatu. Na meno yake hayana mwiba hata mmoja."

Fisi akameza mate. "Masharti ni yapi?"

"La kwanza, mbwa mgeni anavaa kengele." Chapuo akaleta kengele kubwa ya Bi Nundu, akamfunga shingoni. Ng'eleng'ele! Ng'eleng'ele!

"La pili, mbwa wa nyuma ndiye anayebeba jiwe la magadi. Mdomoni. Mbuzi hulilamba njiani wakipenda. Likidondoka, kazi huna."

"Mdomoni?" Fisi alishtuka. "Nitazungumza vipi?"

"Mbwa wa nyuma ana cha kuzungumza na nani?"

Fisi akapanua mdomo, akapachikwa jiwe la magadi kubwa kama tofali. Wakaondoka. Chapuo mbele, mifugo katikati, Fisi nyuma. Ng'eleng'ele! Ng'eleng'ele!

Enyi wanangu, mnamjua mbuzi na magadi! Hawajafika hata bondeni, mbuzi wanane wamemzunguka Fisi, wanalamba jiwe. Lamba lamba, slapu slapu! Wanalamba jiwe, wanalamba midomo yake, mmoja akamlamba jicho. Fisi alikuwa na nyama nane usoni pake na hawezi kufunga meno! Mate yalimtoka ndo, ndo, ndo.

"Huyu mbwa ana mate mengi," alisema mbuzi mmoja.

"Anatupenda," alisema mwingine.

Sasa, katika kondoo alikuwepo mmoja mnene sana, jina lake Mafutani. Alikuwa mzito wa mwendo, na akili yake pia haikuwa na haraka. Kwenye kona wenzake wote walitangulia, yeye akabaki nyuma kunusa maua. Fisi akageuka kulia, akageuka kushoto. Hakuna anayeona! Akatema jiwe, pu! Akapanua domo, akamrukia.

Ng'eleng'eleng'ele!

Chapuo alikuwa amefika kabla kengele haijatulia. Moyo ulimpiga ti! ti! ti! lakini sauti yake ilikuwa tamu kama uji wenye sukari. "Kaka Mbwa! Unafanya nini?"

Fisi aliduwaa, domo wazi, kichwa cha Mafutani kimo ndani nusu.

"Ni... nilikuwa nambusu."

"Nimebusiwa!" alisema Mafutani, macho yakimng'aa.

"Hodari wewe!" alisema Chapuo. "Basi umelikuta sharti la tatu. Anayembusu kondoo hubeba kondoo."

"Nani kasema?"

"Nimwite Ngurumo akueleze?"

Fisi akainama. Jiwe likarudi mdomoni, Mafutani akapanda mgongoni. Lakini mgongo wa fisi mnaujua, umeinama kwa nyuma. Kila hatua tatu Mafutani aliteleza, sirrrr, hadi mkiani. Akapanda tena. Akateleza tena.

"Mgongo laini, mbwa," alisema Mafutani, "ila waliokujenga hawakupima."

Wakafika mtoni. Ghafla kichaka kikatikisika, wakatoka fisi watatu! Mbele fisi jike mwenye mdomo mpana, nyuma yake ndugu zake wawili, mabega kama milango.

"Baba Mifupa!" alifoka yule jike. "Tumekungoja tangu asubuhi na njaa yetu! Ndio mbuzi hao ulioahidi kutuletea?"

Mbuzi wakaanza kulia, "Meee! Tumekwisha!" Kondoo wakakumbatiana. Kumbe Fisi alikuwa amepanga kuwatoa wote nje ya ua na kuwapeleka kwa jamaa zake! Fisi wanne, na yeye ni kijibwa cha kimo cha kinu. Hata akibweka, nani atasikia?

Akamwona Fisi anapanua domo ateme jiwe, aseme.

"Beberu!" alipiga kelele Chapuo. "Kidevu hicho!"

Beberu, mbuzi dume asiyependa kuuliza maswali, alirudi hatua mbili akaja mbio. Gdaaf! Pembe zikapiga kidevu cha Fisi kutoka chini. Meno yakazama kwenye magadi, yakanasa kama shoka kwenye gogo.

"Mmmf!" alisema Fisi. "Mmmmf!"

Yule jike, ambaye ndiye mkewe, alikodoa macho. Sasa ndipo alipomwona vizuri. Mumewe amevaa kengele, amebeba kondoo mgongoni, mbuzi mmoja bado anamlamba midomo.

"Baba Mifupa! Ndiyo nini hii?"

"Mmmf! Mmf!"

"Anasemaje?" aliuliza shemeji mkubwa.

Chapuo akapiga hatua mbele, akainamisha kichwa kwa adabu. "Samahani, shemeji. Mimi nimezoea sauti yake, tunafanya kazi pamoja. Anasema yeye sasa ni mbwa. Anasema hawajui ninyi."

"Mmmmmf!" Fisi alitikisa kichwa kwa nguvu. Ng'eleng'ele!

"Anasema hasa wewe, mama, hakujui hata kidogo."

"Toba!" alisema mkewe. "Na watoto?"

"Mmf! Mmf! Mmf!"

"Watoto warudi kwa bibi yao."

Shemeji mdogo alisogea, akamtazama Fisi tumboni. "Mbona tumbo limejaa hivyo, na sisi tuna njaa?"

Tumbo la fisi, wanangu, siku zote limejaa hivyo. Lakini Chapuo alishusha sauti kama anayetoa siri ya ndani.

"Mmmf!"

"Anasema mbuzi wa kwanza alimla asubuhi. Peke yake. Na ini."

"Ini lote?" waliuliza fisi watatu kwa pamoja.

"Hakubakiza hata kwato."

Basi! Kuachwa, mkewe angevumilia. Kusahauliwa, mashemeji wangesamehe. Lakini ini! Waliunguruma, wakamrukia. Fisi akaruka juu, Mafutani akaanguka pu! kwenye majani, na Fisi akatoka mbio vuuu! Ng'eleng'eleng'ele! Akajificha kwenye matete: ng'ele! Wakamwona. Akajificha nyuma ya jiwe: ng'ele! Wakamwona. Walivuka mto, wakapanda kilima, wakashuka upande wa pili, na kwa mbali ikasikika, "Mmmf! Mmmmmf!"

Chapuo hakungoja kujua mwisho wake. "Haya, nyumbani! Kimbieni!" Mbuzi wakatimka, kondoo wakatimka, na hata Mafutani siku hiyo alijua mbio. Walipoingia ndani ya ua, Chapuo alikaa chini pwata, akatetemeka peke yake kwa muda mrefu, kwa sababu woga wote alioufungia tangu asubuhi ulikuwa unatoka sasa.

Bi Nundu alitoka jikoni na bakuli la maziwa. Akawahesabu: mbuzi wanane, kondoo watano. Akashusha pumzi.

"Na yule mbwa mpya yuko wapi, mwanangu?"

"Ameitwa na mkewe na mashemeji, mama," alisema Chapuo, akitia mdomo ndani ya bakuli. "Mambo ya kifamilia."

Ndipo hapo nilipoachia mimi, na funzo lake ni hili: anayeingia kwa watu na jina la uongo asilalamike wengine wakimsemea maneno ambayo hakuyasema.