Pimbi na Fahali wa Pembe Iliyopinda

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, mazizi yao na umbea wao kama sisi, aliishi Pimbi juu ya kilima cha mawe. Alikuwa mdogo, mkia hana, na mali yake yote ilikuwa ng'ombe mmoja mwekundu aliyeitwa Udongo.

Udongo alikuwa na maziwa ya kulowesha kidole tu. Kila asubuhi Pimbi alimkamua, chi, chi, kisha kimya. Hapo ndipo alipomkumbuka marehemu mama yake, na ng'ombe wa mama yake, Mapovu. Mapovu alikuwa akikamuliwa chwaa, chwaa, mpaka povu linafurika mdomoni mwa kibuyu. Watoto wa kilima kizima walikunywa, na mama alisimama pembeni akiwatazama huku akicheka.

Mapovu alikufaje? Bondeni, kando ya mto, alikaa Kiboko, tajiri wa ng'ombe. Alikuwa na fahali aitwaye Ngurumo, mwenye kifua kama mlango wa ngome na pembe za kutisha. Kiboko akaamuru ng'ombe majike wote wa nchi ile wapandwe na Ngurumo peke yake, ili kila ndama afanane na wa kwake. Basi ndama wa Ngurumo walikuwa wakubwa kupita kiasi. Mapovu alishindwa kumzaa wake, akafa naye tumboni. Mama yake Pimbi naye hakukaa sana baada ya hapo.

Sasa Udongo alikuwa amefikia wakati wa kutaka dume, na Pimbi hakupata usingizi. Kumpeleka jike mdogo vile kwa Ngurumo ilikuwa sawa na kumchimbia kaburi.

Lakini damu ya Mapovu haikupotea yote. Zamani, Kiboko alipooa, mama yake Pimbi alimpa zawadi ya harusi: mtamba, mwana jike wa Mapovu. Mtamba yule, kabla ya enzi ya Ngurumo, alizaa dume, naye dume huyo ndiye Kombo: mwembamba, kimya, pembe moja imepinda mpaka karibu na jicho. Kila alipokwenda mtoni kuteka maji, Pimbi alisimama kwenye ua wa Kiboko akamtazama. Macho yalikuwa yale yale ya Mapovu. Alimtamani, lakini hakumwomba, maana alimjua Kiboko: ukionyesha unakitaka kitu chake, ndipo anapokikumbatia.

Siku moja akamkuta Kiboko ananoa kisu, kwacha, kwacha.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Kuna shughuli?"

"Marahaba. Simba anakuja kunitembelea. Namchinja Kombo."

Pimbi aliutua mtungi wake taratibu, akakaa kama mtu asiye na haraka.

"Vizuri," alisema. "Ila Simba si mgeni wa kawaida. Akiletewa mbavu za yule, atakwenda kusema nini kwake?"

Kiboko akaacha kunoa. "Atasema nini?"

"Mimi sijui, mzee wangu, mimi jirani tu. Lakini watu wana midomo. Watasema zizi la Kiboko linazaa mifupa."

"Hm. Basi nitachinja mwana wa Ngurumo. Yule ana nyama."

"Hapo umenena. Na huyu Kombo atasimama wapi, mgeni akipitishwa kuangalia mifugo?"

Kiboko akageuka, akaitazama ile pembe kana kwamba hajawahi kuiona kabla, akaona aibu. "Mchukue wewe, Pimbi. Huko kwenye mawe yako nani atamwona?"

"Mimi? Majani yangu hayamtoshi hata Udongo. Hapana, baba, tafuta mwingine."

Akajitwika mtungi, akaanza kuondoka. Aliomba moyoni aitwe, na kila hatua aliona kama anamwacha mama yake nyuma.

"Jirani, ngoja," Kiboko akasema. "Mchukue awe wako kabisa. Nakuongezea na mzigo wa majani."

Pimbi akaguna. "Kwa heshima yako tu, mzee."

Walipofika nyuma ya mawe, asipoonekana na mtu, alimwegemea Kombo begani akalia.

Udongo akashika mimba ya Kombo. Siku zake zilipotimia, ndama akateleza, pwata, kabla maji ya kumkandia hayajachemka. Alikuwa mtamba, kichwa kidogo, miguu myembamba. Miaka ikapita, mtamba akakua, naye akazaa. Pimbi alipomkamua, chwaa, chwaa, povu likapanda. Akaonja. Ladha ilikuwa ile ile. Akageuka kusema, "Mama, onja," na nyuma yake kulikuwa na mawe matupu. Alikaa pale mpaka povu likatulia kibuyuni, ndipo akawaita watoto wa majirani.

Habari za maziwa hazifichiki. Kiboko akaja mpaka chini ya kilima, puf, puf. Mkewe alikuwa amejifungua, na katika zizi lake lote hapakuwa na maziwa ya kumtosha mtoto, maana uzao wa Ngurumo ulikuwa nyama tu.

"Pimbi, ulipata wapi fahali?"

"Kwako. Ni yule uliyetaka afichwe. Mama yake ni mtamba wa Mapovu."

Kiboko akasema, "Kumbe ulinilaghai."

"Nilikulaghai, mzee. Ningekuomba, ungenipa?"

"Nisingekupa," Kiboko akasema. Akainamisha kichwa chake kikubwa. "Naomba niwalete majike wangu."

Pimbi alimkumbuka Mapovu, na kwa kitambo alitaka kukataa. Kisha akamjazia Kiboko kibuyu cha mtoto, akamwambia, "Walete. Anza na wale wadogo, wasife wengine."

Basi wanangu, hadithi yangu imekoma hapo, nanyi mkikua mkawa na mazizi yenu kumbukeni hili: anayechagua fahali asitazame pembe zake, aulize maziwa ya mama yake.