Baiskeli Juu ya Paa la Bi Kanga

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa bado na baiskeli zao, Nyati, Kiboko na Nguchiro walifunga safari ya kuzunguka nchi nzima wakijitolea. Waliahidi kwamba kila watakapopumzika, watatengeneza nyumba ya mnyonge mmoja.

Vijiji viliwapokea kwa vigelegele. Nyati na Kiboko walivipenda mno, na mimi siwalaumu. Miguu iliwauma kweli, na nani hapendi kushangiliwa? Ila kila walipofika walikula, wakalala, wakaamka jua limeshapinda, wakabandika donge moja la udongo ukutani, wakaaga. Nguchiro peke yake angefanya nini? Ufito mmoja ulikuwa mrefu kuliko yeye na mkia wake.

Basi wakafika kwa Bi Kanga, mjane. Paa lake la nyasi lilikuwa limelegea, likipepea kama shuka kwenye kamba, na nguzo mpya, fito na nyasi vimelala uani, hakuna wa kuvijenga. Alikuwa amewapikia sufuria nzima ya kunde, akiba yake ya mwisho, kisha akarudi ndani kuatamia mayai.

"Vifaranga watatoka lini, bibi?" Nguchiro akamuuliza mlangoni.

"Leo, mjukuu wangu. Nawasikia wanagonga. Lakini ona wingu lile. Upepo ukiling'oa paa na mvua ikawakuta, sina watoto."

Nguchiro akageuka. Wenzake wameshalamba sufuria, wanatafuta kivuli.

"Tupumzike kidogo," Kiboko akasema akipiga miayo.

"Pumzikeni, kaka zangu. Ila baiskeli msiziache chini. Fisi wa huku hutafuna tairi kama miwa."

"Hata hizi zangu mpya?" akauliza Kiboko.

"Mpya ndizo anazozipenda."

"Tuziweke wapi sasa?"

"Juu ya paa. Fisi hapandi."

Nyati akainua yake kwa pembe, puu! Kiboko akafuata, puu! Paa likalia ng'rii, likatulia. Punde mikoromo ikaanza, khoroo, khoroo.

Nguchiro akapanda na kamba za mkonge. Akazipitisha kwenye spoki, akazizungusha kwenye boriti, akakaza kwa meno. Alipomaliza, hungejua paa linaishia wapi na baiskeli zinaanzia wapi.

Upepo ukawaamsha wale wakubwa.

"Twende zetu," akasema Nyati. "Mbona zimefungwa?"

"Upepo ungezichukua, kaka."

"Basi fungua."

"Siwezi. Kamba zinazoshika baiskeli ndizo zinazoshika paa. Ukikata moja, paa linaporomoka, na baiskeli zenu zinapondeka."

Kiboko akaketi. "Kesho tunasubiriwa kwa ngoma kule ziwani! Tuingie kwa miguu?"

"Simamisheni nguzo mpya pale katikati, fungeni fito, ezekeni upya. Hapo kamba zangu hazitakuwa na kazi, nitazifungua mwenyewe."

Nyati akamtazama sana. "Huyo Fisi yuko wapi?"

"Leo sijamwona."

"Umewahi kumwona?"

Nguchiro akatazama juu. "Wingu lile linakuja, kaka. Tumtafute Fisi au tushike fito?"

Nyati akakunja uso, akapeleka pembe kwenye kamba. Hilo Nguchiro hakuwa amelipanga. Nyati akitaka kubomoa, nani wa kumzuia?

Ndani kukasikika tk, tk, tk.

"Msitikise, jamani," sauti ya Bi Kanga ikatoka taratibu. "Wanatoboa."

Nyati akabaki na pembe hewani. Kisha akairudisha polepole.

"Kiboko," akasema, "ilete nguzo."

Wanangu, mngeona kazi! Kiboko alikanyaga udongo fya, fya, fya. Nyati alibeba nguzo kama unyasi. Nguchiro alikimbia juu akifunga na kuelekeza. "Sogeza, kaka. Rudisha. Hapo hapo." Fundo la mwisho lilipokazwa, baiskeli zikashuka nzima, na mvua ikashuka nyuma yake, shaaa. Ndani halikuingia hata tone. Chini ya bawa la Bi Kanga vifaranga walikuwa wakilia, chwi, chwi.

Kesho yake kule ziwani wenyeji waliwaletea sinia la wali.

"Subirini," akasema Nyati. "Tuonyesheni nyumba kwanza." Halafu akaiegemeza baiskeli yake kwenye mti ulio mbali na paa lolote, huku akimwangalia Nguchiro kwa jicho la pembeni.

Hadithi yangu naitua hapo, na neno lake ni hili: ukiahidi kusaidia, ishike kazi kabla hujanawa mikono ya kula.