Matanga ya Nungunungu

Paukwa!

Pakawa...

Ah! Hiyo ni pakawa gani? Mbona mnaniitikia kama nimewaamsha usingizini? Mimi nimewaita vizuri, nanyi nijibuni vizuri. Tuanze upya. Paukwa!

Pakawa!

Naam, hapo sasa tumeonana. Hata wewe mzee uliyeegemea ukuta, nimekusikia. Mkiitika hivyo nitawapa ngano nzuri, maana ya leo ni ya mtu aliyekuwa haitikii.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majirani na wakwe kama sisi, alikuwepo Nungunungu. Nungunungu alikuwa na duka. Duka lilikuwa ndani ya pango, chini ya kilima, nalo lilikuwa la chumvi. Alichimba mwenyewe, kwacha kwacha kwacha, akaikuta chumvi nyeupe iliyokolea. Nchi ile yote haikuwa na chumvi nyingine. Ukiitaka, utakwenda kwa Nungunungu. Usipoitaka, kula mboga yako chapwa, nyamaza.

Sasa huyo Nungunungu! Jamani, mdomo wake! Mteja akibisha hodi, kimya. Akisalimu, kimya. Nungunungu amekaa nyuma ya jiwe lake la kuuzia, mkono shavuni, uso umekunjamana. Halafu anasema, "Sema, chukua, toka!"

Mteja akiuliza, "Hii chumvi imechimbwa leo?"

"Sema, chukua, toka!"

Mteja akiomba nyongeza kidogo tu, kama ilivyo desturi dukani, miiba inasimama, chwaaa! Watoto, semeni nami. Nungunungu anasemaje?

"Sema, chukua, toka!"

Ehe, mmekuwa wakali kumshinda yeye. Na majina ya watu hakuyajua, wala hakutaka kuyajua. Digidigi alimwita "wewe mdogo." Kiboko alimwita "wewe unayeniziba mwanga." Watu walinunua, wakanuna, na kesho wakarudi. Wangefanyaje?

Basi, karibu na pale alikaa Mama Kanga. Huyu mnamjua, kila mtaa anaye wake. Anajua nani kajifungua, nani kahama, nani hasemi na nani. Lakini moyo wake ni mzuri, na ukiugua yeye ndiye wa kwanza kufika na sufuria. Binti yake Madoa alikuwa ameposwa. Wakwe walikuwa akina Kwale wa ng'ambo ya mto, watu wa kujisikia, watu wa kula huku wakitazamana. Harusi ilikuwa Ijumaa. Kunde zilikuwepo, mtama ulikuwepo, ngoma zilikwisha wambwa. Ilibaki chumvi tu.

"Mama," alisema Madoa, "wakwe wakila chakula kisicho na chumvi, watasema nini?"

"Hawatasema kitu, mwanangu. Watatazamana. Na hilo ndilo baya zaidi."

"Nitaitwa Bibi Harusi Chapwa mpaka nizeeke!"

"Hutaitwa. Nakwenda sasa hivi."

Mama Kanga akachukua kikapu, kekere, kekere, kekere, mpaka dukani.

"Hodi! Hodi hapa!"

Kimya.

"Hodi, jirani! Umeamkaje?"

Kimya.

"Nyumbani salama?"

Nungunungu akafungua jicho moja. "Sema, chukua, toka!"

"Nataka chumvi, jirani. Ya shughuli. Binti yangu anaolewa Ijumaa."

"Kwani anaolewa na mimi?"

"Ah, la, anaolewa na Kwale. Basi naomba nionje kidogo, nijue ukali wake, maana wakwe zangu..."

"Kuonja chumvi! Chumvi ni chumvi! Hutaki, acha! Nyinyi wenye madoa mna kelele tu!"

Chwaaa! Miiba yote ikasimama. Mama Kanga akaruka nyuma, kikapu kikaanguka. Akakiokota, akatoka mikono mitupu. Njiani machozi yakamlengalenga, siwafichi. Mtu mzima na shughuli yake, anafukuzwa kama mwizi wa mahindi. Ilimuuma sana.

Alipofika katikati ya njia akasimama. Akafikiri. Kwao Mama Kanga alilelewa hivi: mtu akisalimiwa asiitikie, ama ni mgonjwa, ama amefiwa. La tatu hakufundishwa.

"Mgonjwa si mgonjwa," alisema peke yake. "Sauti ile ina nguvu ya kuangusha embe. Lakini mkono shavuni. Uso umekunjamana. Salamu hazimwingii, hata habari ya harusi haimfurahishi. Oo! Masikini! Nungunungu amefiwa, na sisi majirani hatuna habari!"

Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Mama Kanga akakimbia mtaani. "Jamani, Nungunungu kafiwa!"

"Na nani?" aliuliza Digidigi.

"Hakusema. Hawezi hata kusema, kwa uchungu."

Digidigi akashika kifua. "Ndiyo maana aliniita wewe mdogo!"

"Ndiyo maana alinifukuza mlangoni," alisema Kiboko. "Lakini hiyo ilikuwa mwaka juzi."

Wakatazamana. Mama Kanga akasema kwa sauti ya chini, "Basi tangu mwaka juzi ana msiba, na yuko peke yake."

Wakaona aibu, wote. Mzee Mbega, mwenye joho lake jeusi na jeupe, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia misiba na harusi za pale, akatikisa kichwa. "Tumekosa," alisema. "Chukueni mikeka."

Kesho yake asubuhi Nungunungu yuko nyuma ya jiwe lake. Anasikia hatua. Anafungua jicho. Anavuta pumzi. "Sema, chukua, to..."

Pu! Kiboko ameketi mlangoni. Mwanga wote umekwisha.

"Pole sana, ndugu yetu," alisema Kiboko.

"Pole, jirani," alisema Digidigi, akaingia ti ti ti na mkeka.

"Poleni sana wafiwa," alisema Fisi, ambaye hakujua kafa nani, ila alisikia kwamba kunde zitapikwa. Huyo ndiye aliyelia kuliko wote.

Wakatandika mikeka, wakashusha kuni, wakawasha moto nje. Sauti za chini, macho ya chini. Aliyetaka kukohoa alitoka.

"Mnataka chumvi?" aliuliza Nungunungu.

"Astaghafiru!" alisema Mzee Mbega. "Tununue kwa mfiwa? Sisi si watu wa namna hiyo."

"Mfiwa nani?"

"Taratibu, ndugu yangu. Usijilazimishe kusema."

"Sijafiwa!"

Wakatazamana kwa huruma. Mama Kanga akanong'ona, "Bado hajakubali. Mwacheni."

Nungunungu akapiga kelele, wakasema ni uchungu. Akasimamisha miiba, chwaaa, wakasema mwili unamsisimka kwa majonzi. Akaona ajaribu jambo lingine. "Tazameni! Mimi nimefurahi! Ona, nacheka!" Akavuta midomo huku na huku. Lakini uso ule ulikuwa haujacheka miaka, haukujua pa kuanzia. Jicho moja likafumba, meno yakatoka upande mmoja, shavu likatetemeka.

Digidigi akaangua kilio. "Anajikaza, masikini! Anajikaza kwa ajili yetu!"

Wakalala hapo hapo. Wakaamka hapo hapo. Hakuna anayenunua, kila mtu anampa pole. Nungunungu akitaka kutoka, Kiboko yuko mlangoni. Akitaka kulala, Fisi yuko kitandani. Chumvi imelundikana mpaka inamwagika, na yeye amekaa katikati ya watu wanaompenda, amekasirika, hana wa kumfokea.

Ijumaa haijafika, siku moja mchana akaja Madoa. Alikuwa na bakuli la kunde. Akapiga magoti, akamwekea mbele yake. "Kula, mjomba. Tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni."

Nungunungu akala kijiko kimoja. Akakunja uso zaidi, nao ulikuwa umekunjwa tayari. "Mbona hazina chumvi?"

"Tutaipata wapi, mjomba? Mwenye duka ana msiba."

Nungunungu akasogeza bakuli kando. Halafu akaona macho ya msichana ni mekundu. "Wewe nawe unalia nini? Na wewe unanililia mimi?"

"Hapana, mjomba. Samahani. Najililia mwenyewe." Madoa akajifuta kwa bawa. "Ijumaa ilikuwa iwe harusi yangu. Mzee Mbega amesema ngoma hazilii jirani akiwa na matanga, na kweli haifai. Tumewaomba wakwe wangoje. Wamejibu kwamba Kwale hawaombwi kungoja, na wasipokuja Ijumaa hawaji tena."

"Na umekubali?"

"Nitafanyaje, mjomba? Nicheze ngoma na wewe uko hapa una majonzi?"

Hakuwa anatania. Alisema kwa moyo wake wote. Nungunungu akamtazama. Aliwahi kufokewa, aliwahi kuogopwa, aliwahi kusengenywa sana. Lakini mtu kuiacha harusi yake kwa ajili ya huzuni ambayo Nungunungu mwenyewe hakuwa nayo, hilo lilikuwa jipya.

Akauliza polepole, "Matanga yanaanuliwaje?"

"Mfiwa husimama mlangoni, mjomba. Humwita kila mtu kwa jina lake, humshukuru, humuaga. Ndiyo yamekwisha."

Kwa jina lake! Nungunungu akatazama watu wote waliojaa pangoni. Amewauzia chumvi miaka na miaka. Hakuna hata mmoja ambaye yeye alimjua jina.

Akainuka, akaenda mlangoni. Akakohoa. "Jamani," alisema. "Sikilizeni. Sijafiwa. Kweli sijafiwa. Nilikuwa mkali tu."

Moto nje ukalia, tatata.

"Mkali tu?" aliuliza Kiboko. "Bila msiba?"

"Bila msiba."

"Hata jino halikuumi?"

"Haliniumi."

"Hata tumbo?" aliuliza Digidigi, ambaye bado alitaka kumsaidia.

"Hata tumbo. Mlinisalimu, nami sikuwaitikia. Ni hivyo tu. Naona haya."

Miiba yake ikalala mgongoni, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Wengi wao hawakuwahi kumwona akiwa mdogo hivyo. Akamgeukia Digidigi. "Wewe md... Samahani. Jina lako nani?"

"Naitwa Mwanakheri."

"Mwanakheri, asante kwa mkeka wako. Na wewe unayezi... Na wewe je, bwana mkubwa?"

"Mwinyimvua," alisema Kiboko. Akasogea kidogo, mwanga ukaingia.

"Asante, Mwinyimvua, kwa kunilindia mlango." Akaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine. Wengine iliwabidi wataje mara mbili, maana alikuwa mzito wa kushika. Hata Fisi alishukuriwa, akalia tena, na safari hii kwa kweli. Wa mwisho alikuwa yule aliyeshika kikapu kitupu.

"Wewe nakujua," alisema Nungunungu. "Wewe ni Mama Madoa. Nimelishwa na binti yako. Haya, hii hapa chumvi ya shughuli." Akachota, akajaza. Akaweka nyongeza juu yake. Halafu akanyoosha kiganja chenye punje chache. "Onja kwanza."

Mama Kanga akaonja. Akasema, "Imekolea." Akainama haraka kufunika kikapu.

Ijumaa ngoma zikalia, dumba dumba dumba! Kwale wakaja wametunisha vifua mbele. Wakaketi. Wakala. Wakatazamana. Madoa akashika mkono wa mama yake, roho juu. Kwale mkubwa akalamba kijiko, akakitazama, akasema, "Ongeza."

Vigelegele! Mama Kanga alipiga peke yake vya kutosha mji mzima.

Nungunungu alikuwa pale, amekaa pembeni na bakuli lake. Mama Kanga alipopita, Nungunungu akamuuliza, "Jirani, niambie kweli. Ulidhani nimefiwa?"

"Kula, jirani," alisema Mama Kanga. "Kunde zinapoa."

Mimi sikuwepo, sijui zaidi ya hapo. Najua tu kwamba duka liliendelea, na kwamba tabia haikung'oka siku moja. Kuna asubuhi Nungunungu aliamka vibaya. Mteja akibisha hodi, utamsikia, "Sema, chu..." Hapo Kiboko, aliyezoea siku hizi kupita na mkeka wake kwapani, anasimama mlangoni. Anaanza kuukunjua taratibu.

"Tutandike, ndugu yetu?"

"La! La! Karibu, keti, chagua!"

Watoto, semeni nami sasa.

"Karibu, keti, chagua!"

Basi mafunzo yake ni haya, nami siyafichi nyuma ya maneno. Anayeingia dukani kwako ni mgeni wako, mwitikie kabla hujamuuzia. Na wewe mteja, ukikuta uso umekunjwa, usikunje wako. Mpe pole. Kama ana msiba, umemfariji. Kama hana, atajua mwenyewe la kufanya.

Nami mkeka wa ngano yangu nimeukunja, umeishia hapo. Mzee uliyeegemea ukuta, mbona umekuwa kimya tena? Jamani, au tumpe pole?