Wadai wa Uani

Sekela alikuwa mjane mwenye paa linalovuja na shemeji mwenye maduka. Akaunti ya marehemu mumewe ilikuwa imelala miaka mingi, na benki ilikataa kuifungua mpaka ukoo umteue msimamizi wa mirathi na mahakama imthibitishe.

Kwenye kikao cha ukoo, shemeji Ambakisye alipendekeza ateuliwe yeye. "Mwanamke ataiweza benki?"

"Siiwezi, shemeji. Shika wewe. Wadai wa kaka yako wako uani, wanamsubiri huyo msimamizi."

Ambakisye alichungulia dirishani. Wanaume walijaa benchi zima, wamenuna.

"Mimi nina kazi nyingi," alisema. "Mteueni mkewe."

Wakamteua. Ambakisye alipoondoka, Sekela alitoka uani na sufuria ya ndizi.

"Haya wanakwaya, chekeni sasa. Chakula tayari."